Salamu ya Kwenye Ukungu

Nilimfahamu Damari akiwa mzee tayari, vidole vimekakamaa kwa udongo na miguu imevimba, lakini ulimi wake ulikuwa bado mwepesi. Haya ninayosimulia niliyapata kwake mwenyewe, na mengine kwa Anyosisye, mke wa shemeji yake. Wawili hao hawakuwahi kupingana katika jambo lolote kubwa la habari hii, ingawa kila mmoja aliisimulia mwenzake akiwa hayupo.

Damari alikuwa Mkisi wa Lyulilo. Huko milima ya Ukinga inashuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa, na watu wamebakiwa na ukanda mwembamba tu wa mchanga wa kujengea nyumba. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga vyungu. Wamisionari wa Kijerumani walipofika, Damari alikuwa msichana, na alibatizwa akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza, siku moja na mumewe Ambilikile. Ukoo wa mume haukupenda. Walisema jina jipya ni mlango uliofunguliwa upande wa nyuma wa nyumba, na hujui nani ataingia.

Ambilikile alikuwa mtu wa maneno machache na salamu nyingi. Hakumpita mtu. Hata mtoto aliyekuwa akichezea matope alisimamishwa na kuulizwa, "Ugonile?", yaani umeamkaje, na Ambilikile hakuondoka mpaka ajibiwe "Ndaga", yaani asante. Damari alikuwa akimcheka, anasema mume wangu anachelewa kufika ziwani kwa sababu ya kusalimia.

Ilikuwa mwaka 1902 hivi, mwisho wa mvua kubwa, Ambilikile alipopakia vyungu vya mkewe kwenye mtumbwi, akavifunga kwa nyasi na kuelekea Mwaya kuvibadilisha kwa mpunga. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia. Mchana upepo wa kusini ukaamka, mawimbi yakawa yanapanda hadi kwenye vibaraza. Ambilikile hakufika Mwaya wala hakurudi Lyulilo. Walimtafuta hadi wakachoka. Hawakuona mtu, hawakuona mtumbwi, hawakuona hata kafi.

Wakaomboleza bila maiti. Kwa watu wa ziwani hakuna msiba mbaya kuliko huo, maana hujui uelekee wapi unapolia.

Matanga yalipokwisha, Angetile, mdogo wake Ambilikile, alikuja na wazee wawili. Angetile alikuwa mtu mwenye nguvu wakati huo. Jumbe alikuwa akimtuma kuchagua watu wa kubeba mizigo kwenda boma, kwa hiyo hakuna aliyependa kumuudhi. Alikaa kwenye kigoda, akasema kwa upole:

"Shemeji, nyumba ya kaka haiwezi kukaa bila mtu. Wewe na mtoto mtahamia kwangu."

Mtoto alikuwa Neli, binti wa miaka sita hivi.

"Ndaga, shemeji, asante kwa kutukumbuka," Damari akajibu. "Lakini una mke, naye ni dada yangu. Mimi nimeshaahidi mbele ya Mungu, sitakuwa mke wa pili. Nitamlea mtoto hapa hapa."

Mzee mmoja akamwambia, "Hujaombwa ruhusa, mwanangu. Unaarifiwa."

Damari akamwita Mwalimu Yohana, aliyekuwa akifundisha kusoma na kuongoza sala kanisani. Yohana akaja, akasema mbele ya wote kwamba mwanamke aliyebatizwa halazimishwi. Wazee wakanyanyuka. Angetile alibaki nyuma kidogo. Hakupandisha sauti. Alimtazama Damari muda mrefu, kisha akasema:

"Sitakugusa. Hakuna atakayekugusa. Ila ziwa linaijua nyumba yako."

Kuanzia siku hiyo watu waliacha kumsalimia.

Nyinyi wa leo mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu wazee waliamini kwamba watu wakikukasirikia kwa pamoja, pumzi zao zinakusanyika na kuwa ubaridi, na ubaridi huo unakuingia mwilini. Hakuna dawa inayochomwa wala kuzikwa. Watu wananung'unika tu, kila mmoja jikoni kwake, nawe unaanza kutetemeka jua likiwa utosini. Damari alikuwa akipita kisimani, wanawake wanageuza nyuso. Waliokuwa wakichimba naye udongo walisubiri aondoke ndipo wao waende. Kanisani walimwachia benchi zima. Ni Yohana peke yake aliyempa mkono, na Yohana alikaa mbali, upande wa Matema.

Akachoma vyungu vya kwanza tangu kifo cha mumewe. Alivikausha vizuri, akavipaka ngeu, ule udongo mwekundu, akavipanga na kuvifunika kwa kuni na nyasi kama alivyofundishwa na mama yake. Moto ulipokolea, akasikia mlio: ta! Kisha mwingine. Vilipasuka vyote, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetembea juu yake taratibu. Wanawake walikuwa wamesimama mbali wakitazama. Hakuna aliyecheka. Damari alisema angalau wangecheka.

Baada ya hapo vilianza kuja vyungu.

Asubuhi ya kwanza alifungua mlango akakuta chungu kizima kizingitini, kimelowa, kimejaa maji ya ziwa hadi mdomoni. Alidhani kuna mtu kakisahau. Alipokiinamia akaona chini ya mdomo wake alama za ukucha, tatu zikiegemeana. Ilikuwa alama yake mwenyewe. Akakigeuza, akaona doa jeusi kando, pale moto ulipokilamba vibaya. Alikikumbuka. Alikuwa amemkabidhi Ambilikile chungu hicho kwa mikono yake siku ile ya safari, akamwambia akiweke chini kabisa maana si kizuri cha kuonyesha.

Alikaa pale mlangoni hadi jua likapanda. Kisha akamwaga maji, akakificha chungu nyuma ya nyumba.

Siku chache zikapita, kikaja kingine. Halafu kingine. Vyote vya mtumbwi ule. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo zilizotoka majini na kuishia kizingitini, lakini hazikuonekana za kurudi.

Msimu wa baridi ukaingia, na ukungu ukawa unashuka kutoka Ukinga alfajiri na kulala juu ya ziwa, mzito, huoni mtumbwi uliofungwa mbele ya nyumba yako. Ndipo ikaja sauti.

Damari alikuwa anafagia uwanja. Akasikia kutoka kwenye maji, si mbali, kama umbali wa mtu aliyesimama maji yakimfika kifuani:

"Ugonile, Damari?"

Alijibu kabla hajafikiri. Mtu akisalimiwa anajibu. "Ndaga," akasema. Kisha ufagio ukamdondoka, kwa sababu alikuwa ameitambua sauti.

Haikusema neno jingine. Haikulia, haikumwita aje. Asubuhi iliyofuata ukungu ukashuka tena, na salamu ikaja tena, kwa upole ule ule, ikangoja. Damari alisema hakuna kilichomtisha kama kule kungoja. Sauti ilikuwa ikisalimu kisha inakaa kimya, na ule ukimya ulikuwa na mtu ndani yake. Na fikirini hili: kijiji kizima kilikuwa kimemnyima salamu. Aliyebaki kumuuliza ameamkaje ni yule asiyeonekana.

Siku moja Neli alitoka nje akijifikicha macho, akasimama kando ya mama yake. Sauti ikaja. Mtoto akasema, bila hofu yoyote, "Mama, baba anasalimia. Mbona humjibu?"

Damari akambeba mtoto mbiombio hadi kwa Mwalimu Yohana. Yohana alimsikiliza, uso wake ukabadilika. Alikuwa kijana, na alikuwa amezaliwa na kulelewa kwenye imani zile zile za wazee.

"Inaweza kuwa upepo kwenye mapango ya miamba," akasema.

"Upepo hauniiti jina, Mwalimu."

"Basi ni mtu. Angetile amemtuma mtu akuige."

"Nami nilidhani hivyo. Lakini nikidhani hivyo naogopa, na nikidhani si hivyo naogopa. Sasa nifanye nini?"

Yohana akamuuliza: "Siku ya ubatizo wako, mikono ya mchungaji ilikuwa kichwani pako. Uliambiwa nini?"

"Kwamba Mungu amenibariki, nami ni wake."

"Aliweka sharti kwamba watu wakupende kwanza?"

Damari akamchukua mtoto. Alirudi nyumbani, na njiani, aliniambia, aliwaza kama mfinyanzi. Alijiuliza: Angetile ameninuia mabaya, ukoo umeninuia mabaya, na mabaya yao wameyaweka ndani ya kitu gani? Ndani ya vyungu vyangu. Udongo niliuchimba mimi, nikaukanda mimi, na nilipouchimba niliomba. Hawa wamekuja baadaye.

Asubuhi iliyofuata alitoa vyungu vyote alivyovificha, akavipanga uwanjani mbele ya kila mpita njia. Akachagua kile chenye doa jeusi. Akakiosha, akasimama nacho, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu wa nyumbani: "Ee Kyala, Mungu wetu, chungu hiki ni chako na mimi ni wako. Bariki." Basi. Akakitia ndizi na samaki, akawasha moto.

Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama. Kula kwenye chungu cha mtu aliyezama! Mmoja alisahau kabisa kwamba hamsemeshi, akapiga kelele, "Damari, usimpe mtoto!" Damari akapakua. Alikula yeye kwanza, kisha Neli. Aliniambia hakuona ladha ya chochote, lakini alitafuna na kumeza mpaka chungu kikaisha.

Kijiji kikangoja afe. Walipita asubuhi wanachungulia, wanapita jioni wanachungulia. Siku moja wingu la usubi lilitoka ziwani, jeusi, likisimama wima kama moshi wa nyumba inayoungua, likaja mpaka juu ya paa la Damari na kutulia pale. Watu wakasema hilo sasa ndilo. Likakaa, likahama, likaenda kumwagika kwenye migomba ya Angetile. Damari na Neli waliendelea kula kila siku. Vyungu alivyochoma wiki hiyo vilitoka salama, ila viwili tu.

Sauti iliendelea. Lakini sasa ikimsalimu alijibu yote: "Ndaga. Nimeamka salama. Mungu akupumzishe." Akaendelea kufagia.

Kisha Angetile akaugua.

Alianza kuona baridi mchana, jua la Lyulilo likiwaka. Akajifunika mikeka, akaota moto, meno yanagongana. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya baridi, Anyosisye alisema, kama samaki aliyetolewa majini. Hakutaka mlango ufunguliwe asubuhi. Ukungu ukiwapo alijiziba masikio.

Wazee wale wale wawili wakarudi kwa Damari. Safari hii hawakukaa. "Mfungulie," mmoja akasema. "Umemrudishia. Njoo uchukue maji kinywani, uyapulize nje, useme hasira yako imetoka."

"Sikumfanyia kitu, baba."

"Watu wote wameona ulivyokula."

"Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa na vyungu ni vyangu. Siwezi kufungua nisichokifunga mimi." Akafuta mikono. "Lakini nitakuja kumwona. Ni shemeji yangu."

Alimkuta Angetile amelala karibu na moto, amekwisha, macho makubwa. Anyosisye alikuwa amekaa pembeni, uso kauelekeza ukutani. Damari akamsalimu mgonjwa. Aliposikia lile neno, "Ugonile, shemeji?", Angetile alipiga ukelele na kujikunja.

"Usiseme hivyo! Ndivyo anavyosema yeye!"

"Nani?"

Aliyejibu ni Anyosisye. "Dada, vyungu nilileta mimi. Alinilazimisha. Nilitembea majini nikikukaribia, nikarudi kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa chini ya ukuta wako, usione nyayo." Akaanza kulia. "Lakini sauti hatukuileta. Hatukumtuma mtu. Inakuja hapa pia, kila asubuhi yenye ukungu. Inasema, 'Ugonile, mdogo wangu?' Kisha inangoja. Wewe umekuwa ukiijibu. Yeye hajaweza kuijibu hata mara moja."

Kwa muda wote ule Damari alikuwa na faraja moja: kwamba huenda ni hila ya Angetile. Sasa ilikuwa imeondoka.

"Vyungu mlivitoa wapi?" akauliza.

Angetile akasema akiwa amefumba macho. Siku chache baada ya Damari kumkataa, alikwenda kutega nyavu peke yake kule kwenye miamba, mbele ya rasi, mahali pasipo na njia ya miguu. Aliukuta mtumbwi umebanwa katikati ya mawe, umevunjika, na vyungu vingine vizima mchangani. Na humo pangoni alimkuta kaka yake, yaani kilichobaki. Alimtambua kwa bangili ya shaba.

"Nikamfunika kwa mawe," alisema. "Nikawaza, nikisema, atazikwa, watu watalia, watamhurumia huyu mwanamke na yatakwisha. Nisiposema, ataogopa, atakuja kwangu mwenyewe. Nikanyamaza. Shemeji, nilimwacha bila hata kumuaga."

Damari akanyanyuka, akatoka nje.

Aliniambia wazi alichotaka pale uwanjani. Alitaka yule mtu afe. Hakuhitaji kufanya lolote. Angekwenda zake nyumbani tu, na baridi ingemaliza kazi. Alisimama akitazama ziwa, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza akiwa anajua uelekeo. Hakusikia sauti yoyote ya kumwongoza, wala moyo haukulainika. Ila alikumbuka lile benchi tupu, na wale wanawake wakigeuza nyuso, akajua kwamba akiondoka sasa atakuwa ameungana nao, pumzi yake nayo itakuwa imo.

Akarudi ndani. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Angetile. "Sijisikii kusema haya," akasema, "kwa hiyo si yangu. Mungu akubariki, Angetile. Akuamshe. Uende ukamwombe kaka yako radhi."

Hawakungoja apone. Kesho yake walimpakia kwenye mtumbwi wakiwa wamemfunika mkeka: Damari, Anyosisye, Mwalimu Yohana na wapiga kafi wawili. Ukungu ulikuwa haujaondoka walipofika kwenye miamba. Wakaacha kupiga kafi. Na hapo, mbele ya watu wote sita, ikasema kutoka upande wa pango, kwa upole kama kawaida:

"Ugonile, mdogo wangu?"

Wapiga kafi walitaka kuruka majini. Yohana alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Hakutaja tena upepo, siku ile wala baadaye. Angetile akaketi, mkeka ukamwanguka, akajibu kwa sauti iliyopasuka:

"Ndaga, kaka. Nimeamka vibaya. Nisamehe."

Hawakusikia kitu tena. Maji tu yakigonga mawe. Wakayaondoa mawe, wakamzika Ambilikile juu kidogo, maji yasikofika, Yohana akasoma na kuomba. Bangili Damari aliichukua kwa ajili ya Neli.

Angetile alipona mwili, lakini miguu haikurudi sawasawa. Hakubatizwa. Watu walianza kumsalimia Damari, wengine kwa upendo na wengine kwa hofu, maana wapo waliosema kwamba ana nguvu kuliko wote. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni. "Walinichukia, nikavumilia," aliniambia. "Kuogopwa sikukuzoea." Anyosisye ndiye aliyekuja kukaa naye kwenye lile benchi, na baadaye akajifunza kwake kufinyanga, ingawa vyungu vyake siku zote vilikuwa vimepinda kidogo.

Neli aliolewa mwaka ule vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, askari wakiwa tayari wanapita kutafuta wapagazi. Kwa desturi, mwenye kumbariki bibi harusi ni baba, na asipokuwapo baba, ni baba mdogo. Wazee waliuliza kama inafaa. Damari akasema inafaa.

Angetile akaja kwa mkongojo. Neli akapiga magoti mbele yake. Angetile akanyanyua mkono, akaushusha, akaunyanyua tena, na midomo yake ikawa inacheza bila neno kutoka. Watu wakamtazama Damari, naye hakumsaidia. Akangoja tu, amekunja mikono.

"Nenda," Angetile akasema mwishowe. "Mungu akubariki wewe na uzao wako. Mimi baba yako mdogo nimesema."

Damari alisema "Amina" kabla ya mtu mwingine yeyote, akaenda jikoni kuangalia kama wali umeiva.